Nilipe dola nikafundishwe twiga wa kwetu?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi Mtanzania, nimezaliwa na kukulia Mbagala, sasa hivi niko mwaka wa pili chuo kimoja huku Minnesota nasomea mazingira. Kila likizo ndefu chuo chetu kinapeleka wanafunzi Tanzania wiki nne mwezi wa saba, Tarangire, Ngorongoro mpaka Serengeti, kozi ya wanyamapori na utalii endelevu. Nimechaguliwa ila gharama ni maelfu ya dola, chuo kinanisaidia nusu tu. Wenzangu wanaruka ruka kwa furaha, mimi najiona mjinga, nilipe hela yote hiyo nikafundishwe twiga wa kwetu na mzungu? Halafu huo utalii endelevu upo kweli au ni maneno ya kwenye brosha? Na mama hataki hata kusikia, anasema huko watu wanalala kwenye mahema na simba wanapita.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo kwa mama nimecheka, tutamfikia mwishoni, kwanza tumalizane na hela.

Nijitambulishe kidogo ujue anayekujibu. Nilisoma Mweka, chuo cha wanyamapori, nikaendesha watalii miaka mingi kama dereva gaidi, yaani "guide", mwongoza watalii, halafu nikahamia kwenye hizi kozi za vyuo vya nje, kazi yangu kupanga ratiba, kuongea na vijiji, na kukaa na wanafunzi porini. Kwa hiyo nimewaona wengi, na Watanzania wanaosoma nje waliokuja kama wewe nimewaona kama wanne hivi, na wote siku ya kwanza walikuwa na sura hiyo hiyo ya kujiona wajinga.

Sasa sikiliza, twiga hutafundishwa. Yaani wanyama wenyewe utawamaliza ndani ya siku tatu, siku ya nne mwenzako wa Minnesota atakuwa amelala kwenye siti wakati pundamilia mia mbili wanapita dirishani, nimeona mara nyingi mno. Na wewe uliyekulia Mbagala usijidanganye kwamba unawajua, wengi wetu tembo tumemuona kwenye noti na kwenye tivii, na sio kosa letu, nauli ya kutoka Dar na gari la kukodi la kuingia nalo hifadhini hiyo ndo inayotushinda, siyo kiingilio.

Na hapo kwenye kiingilio ndo uanzie mazungumzo na chuo chako kabla hujalipa hata senti. Mgeni kuingia Serengeti ni dola 70 kwa siku kabla ya VAT, raia wa Afrika Mashariki ni shilingi 10,000 kabla ya VAT. Umeona hiyo tofauti? Viza ya Tanzania Mmarekani analipia dola 100, wewe unaingia kwenu bure. Sasa bajeti ya kozi hizi hupigwa kwa kichwa, kila mwanafunzi anahesabiwa kama mgeni, wewe ukikaa kimya utalipishwa viingilio vya Mmarekani siku zote hizo na hiyo chenji hutajua imeenda wapi, wala huenda si wizi, mtu tu alikopi hesabu ya mwaka jana. Mwandikie mratibu, mwambie mimi ni raia, nina pasipoti na kitambulisho cha NIDA, naomba mchanganuo wa gharama zangu upya. Bei hubadilika kwa hiyo pitia tovuti ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ya mamlaka ya Ngorongoro upate za sasa, uwaambatanishie. Kuna binti nilimwelekeza hivyo akapunguziwa mamia ya dola, na alikuwa ameshaanza kukopa kwa wajomba. Halafu kitambulisho usikisahau, getini hawaangalii rangi yako wala Kiswahili chako, bila karatasi unalipa kama mgeni, utalia pale.

Lingine la haraka, viza yako ya Marekani. Kabla ya tiketi nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, fomu yako ya I-20 isainiwe, na uwaulize kama viza uliyonayo itakurudisha, maana mambo yao yanabadilika kila kukicha, usije ukamaliza kozi vizuri ukakwama Dar muhula unaanza. Hili kwangu ni kubwa kuliko simba wa mama.

Haya, sasa unajifunza nini kama siyo twiga. Unajifunza kwamba hifadhi haitoshi. Basi, hilo peke yake, ila ukilielewa vizuri umeelewa karibu kila ugomvi wa wanyama na watu nchi hii.

Chukua Tarangire, ina kilomita za mraba 2,850 hivi. Mwezi wa saba ukifika utaona tembo makundi kwa makundi wanashuka mtoni, pundamilia, nyumbu, utasema wanyama wote wa dunia wako pale. Wako pale kwa sababu ni kiangazi na ule mto ndo maji yenyewe. Mvua zikianza nyumbu na pundamilia wanatoka, wanaenda mashariki tambarare za Simanjiro kuzalia, kwa sababu majani ya kule yana madini, fosforasi hasa, ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji na ndani ya hifadhi hayapati ya kutosha. Simanjiro siyo hifadhi, ni vijiji, ni malisho ya Wamasai. Kwa hiyo mnyama wa Tarangire nusu ya mwaka anaishi kwa watu. Ukilima ile tambarare yote mahindi na maharage, nyumbu wa Tarangire wanaisha na hakuna jangili hata mmoja aliyefyatua risasi.

Kozi ya mwezi wa saba ina tatizo hapa na mwalimu mzuri atalisema mwenyewe. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi Simanjiro mwezi huo huo, tumefika, tambarare kavu, vumbi, ng'ombe na mbuzi na mtoto mmoja ana fimbo. Kijana mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, wanyama wako wapi? Nikamwambia wapo Tarangire uliwaona jana, hapa wanakuja mwezi wa kumi na mbili hivi. Akaandika kwenye daftari lake, nikachungulia, kaandika Simanjiro haina wanyama. Nilimfutisha. Mwaka una misimu miwili mikubwa na nyinyi mnaiona nusu, kumbuka hilo kila unapoandika ripoti.

Simanjiro hiyo hiyo ndo mfano wangu wa utalii endelevu ambao siyo wa brosha. Mwaka 2005 kijiji cha Terrat kilikubaliana na kampuni kadhaa za utalii, kampuni zinalipa kijiji hela kila mwaka, na kijiji kinaiacha sehemu ya tambarare bila kulimwa, ng'ombe wanachunga kama kawaida. Hakuna loji iliyojengwa, hakuna ngoma ya watalii, mtalii mwenyewe wala hafiki. Kampuni zinalipia kwa sababu zinajua nyumbu wakiisha kule, Tarangire hawana cha kuuza. Ni hela ndogo ukilinganisha na bei ya safari moja ya familia ya wazungu, lakini inafika kijijini na mfugaji hakupoteza kitu. Waombe walimu wako muende kwenye mkutano wa kijiji kama ule, mnywe chai, msikilize. Ni bora mara mia kuliko kuzunguka na gari kutafuta chui.

Upande wa pili wa barabara, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, kuna ushoroba wa Kwakuchinja, njia ya wanyama, na juu yake kuna WMA ya Burunge, yaani eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji, iliyoanzishwa 2006. Wazo la WMA ni zuri sana kwenye karatasi, lilianzia kwenye sera ya wanyamapori ya 1998, vijiji vinatenga ardhi yao kwa ajili ya wanyama, loji zinajengwa pale, hela inapita serikalini kwanza halafu inarudi kwenye WMA na kugawanywa kwa vijiji. Sasa uliza kijiji cha Minjingu, hawa wenye mgodi wa mbolea. Loji zikawa kwao, hela ikagawanywa sawa kwa vijiji vyote, hata ambavyo havina loji wala hawaoni tembo wengi hivyo. Wakasema sisi tulikuwa na mkataba wetu na mwenye loji, tukipata zaidi, nyie mmetuingiza kwenye umoja tunapata kidogo, tunataka kutoka. Nani ana haki? Mimi kila nikienda nabadilisha mawazo. Maana hao wa kijiji jirani nao wameacha kulima ili tembo apite kuelekea huko kwenye loji. Hili swali nimewapa wanafunzi miaka na miaka, na mtu akinijibu haraka najua hajasoma vizuri.

Kwa hiyo utalii endelevu upo, ila uutafute kwenye hesabu, usiutafute kwenye mabango. Kempu ina paneli za sola na bafu la ndoo halafu inaandika yenyewe ni endelevu, mboga zinatoka Arusha mjini, mpishi anatoka mjini, mmiliki yuko nje, kijiji kinapata walinzi wawili wa usiku na wafagizi. Uliza mambo ya kawaida kabisa, huyu mlinzi ana mkataba au analipwa kwa siku, nyanya mmenunua wapi, kodi ya ardhi analipwa nani. Kiswahili chako hapo ni silaha, utamuuliza mlinzi mwenyewe saa mbili usiku akiota moto, wenzako watajibiwa na meneja.

Nikuibie siri moja ya magaidi. Kwenye redio za magari hatumtaji simba kwa jina, mgeni ameshalijua kwenye filamu, akisikia ataanza kusumbua kabla hujafika. Tunasema sharubu, na chui ni madoadoa. Ukiwa kwenye gari na ukasikia madoadoa yuko juu ya mti karibu na mto, kaa kimya uhesabu magari yatakayofika ndani ya nusu saa. Nimewahi kuhesabu thelathini na kitu chini ya mti mmoja Seronera kule Serengeti, dizeli inanuka, watu wanasimama kwenye paa, chui anataka kushuka hawezi, na mimi mwenyewe gari yangu ilikuwemo, siwezi kujitoa. Gaidi anaenda kwa sababu mgeni asipoona chui tipu inapungua na tipu ndo ada ya shule ya mtoto. Ukitaka kuandika ripoti nzuri ya utalii endelevu andika kuhusu huyo gaidi, usiandike tu kuhusu chui.

Masomo yenyewe ya porini mara nyingi ni kuhesabu. Mnaita transekti, ni mstari wa kuhesabia, mara nyingi barabara. Gari linaenda pole pole, mmoja anaangalia kushoto, mmoja kulia, mmoja anaandika, mkiona kundi mnasimama, mnahesabu, mnapima umbali kwa kile kidarubini cha kupimia, na pembe, mnaandika na GPS. Wanafunzi wanachukia kupima umbali, wanaona ni kupoteza muda, kumbe ndo moyo wa kazi. Ukiona swala kumi mita 20 kutoka barabarani na swala wawili tu mita 200, haina maana swala wanapenda barabara, ni macho yako yameshindwa kuwaona wale wa mbali. Ukiwa na umbali wa kila kundi unaweza kukadiria uliowakosa. Bila umbali una orodha tu ya bahati. Siku ya kwanza mtahesabu vichuguu mkidhani ni kongoni, kila mwaka hivyo, msijali.

Halafu kuna siku za kwenda bomani na madodoso. Hapa niseme la aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza mwanafunzi alikuwa na swali kwenye fomu, una ng'ombe wangapi, na mimi nilikuwa mkalimani wa Kiswahili, kijana wa pale ananitafsiria Kimaasai. Nilijua kabisa huulizi mtu idadi ya ng'ombe wala ya watoto, hata kwetu uchagani bibi yangu angekutolea macho, lakini nikauliza tu kwa sababu fomu imesema. Yule mama akacheka, akamwangalia mwanawe, akajibu neno moja, wapo. Mwanafunzi akaniuliza amesema nini, nikamwambia amesema wapo, akaandika kwamba kaya haina kumbukumbu za mifugo. Mama anawajua wote kwa rangi na kwa ukoo wao! Siku hizi nawaambia waulize zizi lina milango mingapi, kiangazi kilichopita mlihamia wapi, fisi alichukua nini. Hapo watu wanaongea mpaka chai inapoa.

Na hapa ndo mtego wako wewe. Utageuzwa mkalimani wa bure. Siku ya pili tu utasikia mwambie hivi, muulize vile, mama wa nyanya anasemaje, na jioni wenzako wameandika kurasa sita wewe huna hata moja maana ulikuwa mdomo wa watu. Mapema kabisa mwambie mwalimu, kwa adabu lakini wazi, mimi nimelipa kama mwanafunzi, ukalimani nitasaidia sokoni na pale mtu akiumwa, kwenye madodoso kuna mkalimani amelipwa. Tena Kimaasai hujui, Kiiraqw cha Karatu hujui, Kiswahili cha bibi wa Yaeda chenyewe ni cha kubahatisha, usijibebeshe.

Ukienda Yaeda au Mang'ola kwa Wahadzabe angalia tofauti. Kuna ile ya asubuhi moja, gari sita zimepaki, vijana wanarusha mishale kwa ajili ya kamera, nusu saa mmeondoka. Na kuna Wahadzabe wa bonde la Yaeda ambao mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi yao kwa pamoja, na sasa wanauza kaboni ya misitu yao, wanalipwa kwa kutokukata miti, na vijana wao wanapiga doria. Mwalimu akikupeleka kwenye ya kwanza bila kukuambia ya pili ipo, muulize.

Ngorongoro sitakuzungusha. 1959 Wamasai walitolewa Serengeti, na eneo la Ngorongoro, kama kilomita za mraba 8,300, likawekwa kisheria liwe la watu na wanyama pamoja. Mwaka 2022 serikali ilianza kuhamisha watu kwenda Msomera kule Handeni, yenyewe inasema ni kwa hiari, wakazi wengi na mashirika ya haki za binadamu wanasema huduma zilibanwa mpaka hiari ikakosa maana. Mtasikia pande zote, na wenzako watakuuliza wewe kama vile wewe ndo Tanzania. Una haki ya kusema sijaamua. Ila usimrekodi mtu kwa simu kwenye jambo hili, wewe utapanda ndege Agosti, yeye anabaki.

Kuhusu kufundishwa na mzungu, uliza tu nani anafundisha. Kozi nzuri ina walimu Watanzania wenye majina kwenye ratiba, sio wapishi na madereva tu. Uliza kama kuna wanafunzi wa Mweka au wa chuo kingine cha hapa mnakaa nao darasa moja. Mweka ipo tangu 1963, pale mlimani Kilimanjaro, imetoa maafisa wanyamapori wa nchi nyingi za Afrika, kozi inayopita Moshi bila hata kusalimia pale mimi naitilia shaka. Na uliza data mnazokusanya zinarudi kijijini kwa Kiswahili au zinaenda Minnesota kulala. Wakikujibu vizuri hayo matatu na wakakupunguzia bei, nenda. Wakikwepa, baki, likizo ijayo njoo kivyako nikutafutie nafasi ya kujitolea, utakula wali maharage ila utajifunza.

Vitu vya kubeba, sweta zito, narudia, sweta zito. Julai Karatu na ukingo wa kreta ya Ngorongoro ni baridi ya kung'ata meno, nyie wa Minnesota mnakuja na kaptula mnadhani Afrika ni jua. Nguo za bluu na nyeusi usivae Tarangire, mbung'o wanazipenda mno, ndo maana mitego yao imeshonwa kwa rangi hizo hizo. Mifuko ya plastiki iache huko, ilipigwa marufuku tangu Juni 2019.

Sasa mama. Usimdanganye kwamba hakuna simba, akija kujua atakukosesha na safari ya pili. Mwambie ukweli, kempu nyingi za ndani ya hifadhi hazina uzio, fisi wanapita, usiku utasikia simba na utadhani yuko mlangoni kumbe yuko kilomita mbili. Pale Simba, ile kempu ya ukingoni mwa kreta, tembo huwa anakuja mpaka kwenye tangi la maji, anakunywa, anaondoka, wapishi hata hawaachi kumenya viazi. Hema likiwa limefungwa zipu mnyama analiona kama jiwe kubwa, shida inaanza mtu akiweka biskuti ndani au akiacha zipu wazi. Chakula chote kinakaa jikoni kwenye chumba cha nyavu. Ukibanwa na haja usiku unamulika tochi kwanza pande zote, ukiona macho yanawaka unarudi ndani, ukiona hakuna unaenda na mwenzio, na jioni usinywe chai vikombe vitatu. Mpe na namba ya mratibu wa huku Arusha, aongee naye kwa Kiswahili, mama zetu wakisikia sauti ya mtu mzima hutulia. Na umwambie nimemsalimia.